Jumatatu ya Kusugua Vyungu

“Sema tena! Sema hapa mbele ya serikali kwamba mimi ndiye niliyemuua!”

“Nasema, na hata kanisani nitasema. Wewe ndiye uliyemuua Lenka, mama mkwe. Wewe na maji yako ya majivu!”

“Huna haya! Anayepiga deki wodi ya ngozi kila asubuhi ni nani, mimi? Aliyekamatwa na sabuni ya hospitali ndani ya mkoba ni nani, mimi?”

“Sabuni moja! Miaka minne iliyopita!”

Inspekta Jagoda Perutin hakuwanyamazisha. Alikuwa amewaita kituoni waje kutia saini maelezo yao, kazi ya dakika tano, na sasa robo saa ilikuwa imekwisha na kalamu hazijaguswa. Miaka kumi na tisa ya upelelezi katika mji wa Sivodol ilikuwa imemfundisha kwamba watu wa nyumba moja wakigombana husema mambo ambayo wakiulizwa kwa adabu hawayasemi. Alikunywa kahawa yake, akasikiliza.

Mwenye kitambaa cheusi kichwani alikuwa Persida, bibi mzaa baba wa marehemu. Mwenye macho mekundu alikuwa Slavojka, mkwe wake, mfanya usafi katika hospitali ya wilaya. Mtoto wa Slavojka, Lenka, mwenye umri wa miaka mitatu, alifariki Jumamosi ya kwanza ya Kwaresima. Leo ilikuwa Jumanne ya Juma Kuu. Wiki tano na ushei zilikuwa zimepita, na majibu ya maabara ya Belgrade yalikuwa yamefika asubuhi hiyo ndani ya bahasha ya kahawia.

Majibu yalikuwa mafupi. Tumboni mwa mtoto hamkuwa na sumu. Lakini ndani ya mkebe wa marhamu aliyopakwa kwa ajili ya ukurutu, ile ambayo mji mzima uliijua kuwa ni mafuta ya nguruwe, nta ya nyuki na majani ya kienyeji tu, mlikuwa na steroidi kali ya hospitali.

“Bibi Persida,” Jagoda alisema, “maji ya majivu gani?”

Persida alimtazama kana kwamba ameulizwa jua linatokea upande gani.

“Ya Jumatatu Safi, mwanangu. Wewe kwenu hamsugui vyungu?”

“Mama yangu alikuwa akisugua. Mimi nina sufuria mbili tu.”

“Basi mama yako alikuwa na akili. Siku ya kwanza ya Kwaresima nachemsha maji ya majivu, nasugua kila chungu, kila kijiko, mpaka meza. Tone la mafuta ya mnyama halibaki nyumbani kwangu.”

“Na mtoto je?”

Persida alikunja mikono kifuani. “Mtoto alikuwa amepakwa mafuta ya nguruwe toka kichwani mpaka unyayoni. Nilimwogesha.”

“Alimsugua!” Slavojka alisema. “Nilipotoka kazini nilimkuta mwekundu kama pilipili, mkebe umefichwa ghalani pamoja na soseji. Nikasema mama, ukurutu utarudi. Akaniambia Mungu atamlinda kwa wiki moja.”

“Wiki moja tu! Nani amewahi kufa kwa kuoga?”

Jagoda aliandika maneno matatu: Jumatatu, alisuguliwa, ghalani. Kisha akachukua koti lake.

“Mtatia saini baadaye. Kaeni hapa. Msikae benchi moja.”

*

Daktari Ognjen Zarić, mchunguzi wa maiti, alikuwa na ofisi ng’ambo ya barabara, chini ya ngazi za hospitali. Alikuwa anakula maharage yaliyopikwa kwa maji na kitunguu bila tone la mafuta, na uso wake ulionyesha kwamba hayafurahii.

“Umeyasoma majibu?” Jagoda aliuliza.

“Nimeyasoma. Mwezi uliopita uliniuliza ni sumu gani iliyomuua, nikakuambia hakuna. Uliniuliza vibaya.”

“Sasa nauliza vizuri. Steroidi hiyo ingemuua?”

“Kwa kupakwa? Hapana. Kaa.” Alisukuma sahani pembeni. “Belgrade wametafuta jamii tatu za dawa za ngozi: zinazotokana na vitamini A, zinazotokana na vitamini D, na steroidi. Mbili za kwanza hawakuzipata. Unajua kwa nini wanazitafuta pamoja? Kwa sababu zote zinafanya kazi kwa njia moja. Ndani ya seli kuna protini inaitwa kipokezi. Kila jamii ya dawa ina kipokezi chake. Dawa inapita kwenye ngozi, inashikana na kipokezi, na kipokezi kinafanya kazi ndani ya kiini cha seli, mahali jeni zilipo. Humo kinatoa amri: hii iwake, hii izimike.”

“Na cha steroidi kinaamrisha nini?”

“Uvimbe uzimike, mwasho ukome. Ndiyo maana mama anayepaka leo, kesho mtoto wake analala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Ni dawa nzuri sana, Inspekta. Hata mimi ningemwandikia, ya nguvu ndogo, siku kumi, kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Huyu alipakwa ya nguvu kubwa mwili mzima kwa mwaka mzima, kwa sababu kwenye mkebe wamechora jani.”

Jagoda alitoa picha mbili kwenye faili. Ya kwanza Lenka alikuwa na miaka miwili, mwembamba, mashavu yamejaa vidonda. Ya pili ilipigwa Krismasi: ngozi safi, uso umejaa na kuwa duara, lakini urefu wake, ukilinganishwa na kiti alichoegemea, ulikuwa uleule.

“Watu walisema amenenepa, amepona,” alisema.

“Watu. Ile ilikuwa dawa imeshaingia kwenye damu. Vipokezi haviko kwenye ngozi peke yake, vipo mpaka kwenye ubongo. Ubongo ukaona steroidi ni nyingi, ukaacha kuziagiza tezi zilizo juu ya figo zitengeneze ya mwili wenyewe. Tezi zikalala. Zisipofanya kazi zinasinyaa. Za mtoto wa umri ule zilitakiwa ziwe na unene wa maharage haya. Za Lenka zilikuwa kama karatasi ya sigara. Niliandika kwenye ripoti, ukurasa wa nne, hakuna aliyefika ukurasa wa nne.”

“Mimi nilifika. Sikuelewa.”

“Ungeuliza.”

“Nauliza sasa. Ukimwondolea marhamu ghafla?”

“Mwili unabaki mtupu. Dawa ya nje haipo, ya ndani haijaamka, na kuamka kunachukua miezi. Kwanza analala sana, hataki kula. Anatapika. Akipata homa kidogo, hata ya mafua, presha inashuka na sukari inashuka. Siku tatu, nne, tano.”

“Kwa hiyo hakuuawa na kupakwa.”

“Aliuawa na kuachwa kupakwa.”

Jagoda alifunga faili. Persida alimsugua mtoto Jumatatu. Homa ilianza Alhamisi. Jumamosi walimleta hapa akiwa amekwisha kupoa.

Aliitazama ile sahani.

“Daktari, wewe unafunga Kwaresima nzima?”

“Nani anaweza? Nafunga wiki ya kwanza na Juma Kuu, kama mji wote.”

Jagoda alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

*

Kwenye droo ya meza yake kulikuwa na karatasi aliyoipata mapema, wakati bado anashuku maji ya kisima. Ilikuwa orodha ya watoto waliofikishwa zahanati kwa kutapika wiki ileile aliyokufa Lenka. Walikuwa watatu. Alikuwa amepima visima vitatu, vyote vikawa safi, akaitupa karatasi kwenye droo.

Sasa alipiga simu ya kwanza. Mwanamke alipokea, nyuma yake redio ikiimba.

“Mwanao Stojan ana ukurutu?”

“Alikuwa nao. Amepona, namshukuru Leposava.”

Leposava alikuwa mjane, zamani muuguzi wa watoto. Kila Jumapili aliuza marhamu kwenye kikapu nje ya lango la kanisa. Alipohojiwa mwezi uliopita alikaa wima kitini na kusema kwamba yake ni nguruwe, nta na majani, na kama kwenye mkebe wa Lenka kuna kingine, waulizwe wanaofagia hospitali.

“Wiki ya kwanza ya Kwaresima mliendelea kumpaka?”

“Mafuta ya nguruwe? Inspekta, sisi ni Wakristo. Tulimsafisha Jumatatu.”

“Akaumwa.”

“Tumbo. Walimwekea dripu. Wiki ilipokwisha tukaanza tena kumpaka, na tumbo lenyewe likapona.”

“Na sasa?”

“Sasa ni Juma Kuu. Tumeacha jana.”

“Leo anaendeleaje?”

Redio ilizimwa. “Amelala tu. Uji kaukataa. Kwa nini?”

“Mpake sasa hivi. Mwili mzima, kama kawaida. Kisha mpeleke kwa Daktari Zarić, mwambie nimekutuma mimi. Usingoje mume wako arudi.”

“Lakini ni Juma…”

“Mpake!”

Nyumba ya pili walijibu hivyohivyo. Ya tatu simu iliita mpaka ikakatika.

Alipiga mstari chini ya majina. Hakuna mama hata mmoja kati ya wale waliopokea aliyefanya kazi hospitali. Kilichokuwa kwenye mkebe wa Lenka kilikuwa kwenye mikebe mingine, na aliyekitia hakuwa Slavojka.

*

Mwendesha mashtaka Radisav Bunjac alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kukunja karatasi mara nne kabla ya kuitupa.

“Vizuri sana,” alisema. “Kwa hiyo Alhamisi tunamkamata Leposava kama tulivyopanga.”

Mpango huo aliujenga Jagoda mwenyewe kwa mwezi mzima, kwa sababu hata siku Bunjac alipomtaja Slavojka kuwa mshukiwa, yeye alikuwa hajaridhika. Kondakta wa basi la mpakani alikuwa amekiri kwamba kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi anamletea Leposava kasha la tyubu za krimu kutoka ng’ambo. Alhamisi hii Leposava angepika marhamu ya kuuza baada ya Pasaka. Polisi wangeingia tyubu zikiwa mezani na sufuria ikiwa motoni.

“Alhamisi ni mbali,” Jagoda alisema. “Watoto wameacha kupakwa jana.”

“Wangapi?”

“Sijui. Leposava anauza langoni, haandiki majina. Lazima niutangazie mji.”

“Ukiutangazia mji, utakuwa umemtangazia na Leposava.”

“Najua.”

“Atampigia kondakta, kasha litarudi lilikotoka. Alhamisi utakuta nta na majani. Halafu mimi nitabaki na nini? Mkebe mmoja, kutoka nyumba moja, yenye mfanyakazi wa hospitali aliyewahi kukamatwa akiiba. Nitamshtaki nani, Perutin? Padri?”

“Kuna hawa watoto watatu.”

“Waliotapika. Wakili atasema watoto hutapika.”

“Tukusanye mikebe ya nyumba zote tuipime.”

“Ikusanye. Kila mama atasema hajatia kitu, na Leposava atasema mikebe imetoka majumbani kwao, si kwake. Bila tyubu mikononi mwake tutakuwa tunabishana mpaka nistaafu.” Alikunja karatasi. “Siku mbili. Zungumza na zahanati kimyakimya. Waambie wauguzi wawe macho.”

“Mama hampeleki zahanati mtoto anayelala. Anashukuru.”

“Siku mbili, Inspekta. Hilo ni agizo.”

*

Slavojka alikuwa bado kwenye benchi la korido. Persida alikuwa ameondoka kwenda ibada ya saa kumi na moja. Jagoda alikaa karibu naye na kumweleza, bila kupamba: kilichomuua Lenka, tyubu za Alhamisi, watoto walioacha kupakwa jana na ambao labda watakufa.

Slavojka alisikiliza akikwangua rangi ya benchi kwa ukucha.

“Kwa hiyo ukimkamata Alhamisi, mimi nimetoka.”

“Ndiyo.”

“Na ukisema leo?”

“Nikisema leo, utabaki wewe kwenye faili. Nitapigana, lakini siwezi kukuahidi kitu.”

“Nilimwambia mama mkwe asimwogeshe. Nilimwambia! Nikaenda kazini kwa sababu zamu haingoji. Mtoto yuko chini ya udongo, mume wangu hanisemeshi, mji mzima unaniita mwizi wa dawa, na sasa nifungwe kwa ajili ya watoto wa watu wanaonitemea mate sokoni?” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Siku mbili tu, dada Inspekta. Labda hakuna atakayekufa. Si umesema labda?”

“Nimesema labda.”

“Basi ngoja.”

“Siwezi.”

“Sasa kwa nini umeniuliza?”

“Sijakuuliza. Nimekuambia ili usije ukasikia kwa wengine.”

Slavojka aligeuza uso kuelekea ukutani. Jagoda alisimama, akamkabidhi askari wa zamu bastola yake kwa sababu haingii nayo kanisani, akashuka ngazi.

*

Kanisa la Sivodol lilikuwa dakika mbili kwa miguu. Mlangoni watu walikuwa wamesimama wakiwa wameshika mishumaa. Ndani, wanawake walikuwa upande wao wa kushoto, wengi wamebeba watoto. Jagoda alitazama watoto kwanza. Mmoja alikuwa na uso wa duara na alilala kinywa wazi begani mwa mama yake, huku kwaya ikiimba kwa nguvu. Wa pili alikuwa hivyohivyo. Karibu na mlango wa pembeni, chini ya picha ya Mtakatifu Petka, Leposava alikuwa amesimama wima, kitambaa kimefungwa vizuri, midomo ikifuata sala.

Jagoda alipita katikati hadi mbele. Padri Gavrilo aliacha kufukiza ubani.

“Inspekta, tupo kwenye ibada.”

“Nakuomba dakika mbili, padri. Ukikataa nitazichukua.”

Aligeukia watu. Kwaya ilikufa sauti moja baada ya nyingine.

“Akina mama, nisikilizeni. Mtoto yeyote anayepakwa marhamu ya Leposava, msiache kumpaka. Kama mmeacha jana, rudini nyumbani sasa hivi mkampake, kisha mkamwone Daktari Zarić leo hii. Ndani ya marhamu kuna dawa kali ya hospitali. Mwili wa mtoto umeizoea. Ukiikata ghafla, unamuua.”

Minong’ono ilizuka. Leposava hakusogea.

“Mafuta ya nguruwe, Juma Kuu?” mwanamke mmoja alisema kwa sauti. “Hiyo ni dhambi!”

“Dawa gani?” mwingine alidakia. “Mtoto wangu amepona kwa majani!”

“Polisi wanatafuta wa kumbambikia,” mzee mmoja alisema kutoka upande wa wanaume. “Wameshindwa na yule mwizi wa hospitali.”

“Mtoto aliyelala hapo mbele,” Jagoda alisema, akimnyooshea kidole, “amekula nini leo?”

Mama yake alimtazama mtoto begani, akamtikisa. Mtoto alifungua macho, akayafunga.

“Amechoka tu,” mama alisema. “Ni kufunga.”

“Kuna mtoto alisuguliwa Jumatatu Safi mpaka mafuta yote yakatoka. Aliwekewa mkebe mbali. Alhamisi akaanza kuchemka. Jumamosi mlimzika… hapana, Jumamosi alikufa, mlimzika Jumatatu. Mnamjua. Mlikuja na ngano iliyochemshwa ya matanga, kumwombea.”

Kanisa lote liligeuka. Persida alikuwa amesimama safu ya tatu, mshumaa mkononi. Nta ilikuwa inamdondokea kwenye vidole na hakuipangusa. Alimtazama Jagoda kama mtu anayepiga hesabu ya siku na kupata jibu lilelile kila mara.

“Ni kwa sababu nilimwogesha?” aliuliza.

“Ndiyo, Bibi Persida.”

Padri aliangalia sakafu.

Kisha Persida alivuta pumzi na kupiga kelele, sauti ileile aliyomtukania mkwe wake mchana:

“Sasa mnatazama nini, wajinga nyie? Mnaninyamazia mimi! Mwenye mtoto anayepakwa ainue mkono! Inueni mikono, nasema!”

Mkono mmoja uliinuka. Ulikuwa wa yule aliyesema ni dhambi. Ukafuata wa mama mwenye mtoto aliyelala, ambaye sasa alikuwa analia. Wa tatu. Wa nne, karibu na nguzo.

Mlango wa pembeni ulifunguka. Leposava alitoka bila haraka, akaurudisha nyuma yake, na kupitia kioo cha dirisha Jagoda alimwona anakaza kitambaa na kuanza kukimbia kuelekea nyumbani kwake. Jagoda hakuwa na hati ya kumzuia.

Alitoa daftari.

“Jina lako na mtaa,” alimwambia wa kwanza. “Wengine msishushe mikono. Watano. Sita. Wewe nyuma, mwenye koti la bluu, nimekuona. Saba.”